Mtu Mzima: Robo

Karatasi ya kisandukuni inasema: mtu mzima,
kidonge kimoja kila asubuhi.
Haisemi mzima kiasi gani.
Haikumwona Hilja Karppinen akiingia dukani kwangu
huku Kuhmo, mashariki ya Ufini, mwezi wa Februari,
kilo arobaini na moja pamoja na viatu vya manyoya,
ameshika ukingo wa kaunta kama mtu aliye juu ya ngazi.

“Sakafu inanikimbia,” akasema.

Nyuma yake Eelis, mumewe, ameujaza mlango.
Kilo mia moja na kumi na nane.
Alikata misonobari miaka thelathini
na hata leo hutembea kana kwamba theluji imemfika magotini.
Daktari mmoja, siku moja, kalamu moja:
kidonge kilekile kwa wote wawili.

Kwa Eelis ni tone la mvua juu ya jabali;
presha haikugeuza hata shingo.
Kwa Hilja ni mlango uliobamizwa.
Alianguka Jumanne, akitoka sauna.
Hapana, alinisahihisha, si sauna,
ni ghalani, alipoinuka na ndoo ya beri.
Zilimwagika zote. Hilo ndilo lililomuuma.

Nilipaswa kumuuliza maswali ya kwenye fomu.
Nikamuuliza habari za kahawa.
“Kikombe kimoja, kabla ya saa nne.
Nikiongeza cha pili, nahesabu mbao za dari hadi kunakucha.”
Na sindano ya ganzi, ulipong’olewa jino?
“Shavu lilirudi kesho yake.”
Na mama yako, pombe aliiwezaje?
“Mama alilewa kwa kunusa.”

Basi. Kuna miili inayosikia mnong’ono
nasi twaipigia kelele.
Kuna ini lifanyalo kazi kama karani wa zamani,
husoma kila barua mara mbili kabla ya kugonga muhuri,
na posta ya kesho inafika
ya jana ingali mezani.

Nikampigia daktari. Alikuwa na haraka,
kisha hakuwa nayo.
“Aanze na robo,” akasema. “Tumpime baada ya wiki mbili.
Na yule mkubwa aje, nitambadilishia.”

Nikachukua lebo, nikaandika kwa mkono:
Mtu mzima: robo.
Robo ya kidonge, na mtu
asipungue hata chembe.

Jumapili usiku, nasikia, Eelis hutandaza gazeti,
huvaa miwani juu ya miwani,
hushika kisu cha kupasulia samaki,
na vidole vile vilivyong’oa visiki
hugawa kitu kidogo kuliko ukucha wake.
Nilimpa kikatio cha plastiki, bure.
Kimelala drooni.
Siku hizi nampa vyenye mstari wa msalaba,
ili kisu kijue njia.

Wiki hii Hilja alikuja peke yake,
mikono mfukoni, sakafu mahali pake.
Mumewe alikuwa nje, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.
Nilipotoka kumuuliza hulifanyia nini
vumbi jeupe linalobaki gazetini,
aliona haya.
Hulikunja gazeti lote, akasema,
akiwa amebana pumzi,
asije akalipuliza upande wake.