Kasha la Darasa la Sita

Kasha limetoka Chake, nafungua Micheweni,
Kila mtu, hamu yake; sare iwe ya mwilini.
Bwana Faki, mbio zake, kesha fika ukingoni,
Mize, na kidole chake, bado yumo silabini.

Mwanzo nilimpa cha bata, chembamba, kina mapicha,
Haya ilivyompata, chini ya meza kaficha.
Ulimi ndio wasita, akili imeshakucha.
Kosa langu, nikajuta, cha bata nikakiacha.

Nikatafuta cha mwizi wa mwani, maneno haba.
Kengele haisikizi, yu ukurasa wa saba.
Faki naye hajiwezi, begani kwake aiba:
“Zamu yako bado, mwizi!” Mize kitabu aziba.