Pengo la Njumu

Aliingia dukani, Kibokoni, adhuhuri,
Ana furushi kwapani, uso mwekundu wa hari,
Akalifungua chini, mbele yangu, kwa hadhari:
Viatu, meno nyayoni, vya ngozi na misumari.

Wilifredi Ogideni, karani wa kupimia
Ngozi, pembe, Kilindini, na nta iliyoingia.
Lugha yake ya melini, maneno ayavamia;
Sikumcheka usoni, kigoda nikamwachia.

Kasema: "Ni vya mpira, vilinilisha daima.
Nilipewa mshahara, pauni nne kwa juma."
Nikaona masikhara, kulipwa ili kuhema!
Vijana wa Makadara, bure, mchana mzima.

Shimoni na baba yake, makaa walichimbua;
Jumamosi, kwa mateke, tope, baridi na mvua.
Mara bwana kwa makeke karatasi kafungua;
Akatia jina lake, masizi yakachafua.

Misimu saba kacheza, winga wa kushoto, mbele.
Mabao tisa kaweza, tisa tu, si tele tele.
Kila moja kaeleza, gundi ndiyo lango pale,
Nta kaiviringiza, mpira, hata ulale.

Nikazipindua nyayo, wa kushoto umelika;
Wa kulia, huo wayo, tope halikuushika.
Akacheka: "Naam, ndiyo, 'guu moja' yaandika
Magazeti bila moyo; mama akayafutika."

Jino moja likang'oka, kwa barafu, uwanjani,
Gotini kukaalika, kama bua la shambani.
Kilabu ikaandika, mistari mitatu ndani;
Ndipo meli akashika, akateremka Pwani.

"Fundi, shona, paka nta, tia kamba, kaza uzi.
Ila hapa," akagota, "pengo lake liwe wazi."
Nikajibu, "Nimepata," macho yangu kwenye ngozi;
Akatoka, akapita, kachechemea kwa ngazi.

Usiku nikavishona, taa ya mafuta kando.
Pengo, tukatazamana, hata nikashika nyundo.
"Fundi gani," nikanena, "aachaye nusu tendo?"
Jino jipya, la kufana, likazama kwa kishindo.

Jumatano akarudi, akageuza kiatu,
Dole gumba likazidi kupapasa jino butu.
Nilingoja anirudi, hakuniambia kitu.
Rupia moja, nakidi, na senti kumi na tatu.

Vita vilipoingia, akapelekwa Taveta.
Habari zikatujia, kwamba ni homa, si vita.
Njumu zilipoishia sijui, sikufuata;
Na ile yake rupia, kebeni, ndani ya nta.

Leo kijana wa timu njumu kaweka mezani,
Jino moja marehemu, lilibaki uwanjani.
Nyundo iko, nina hamu, nimeiweka pembeni:
Kwanza nataka fahamu, liwe wazi, au nini?