Hali ya Theluji, Saa Kumi na Moja Alfajiri

Bukuru hutuma sauti kabla lifti za kwao hazijaamka.
Hasalimii. Anaanza na mlima:

Juu kileleni, nyuzi sita chini ya sifuri.
Theluji ya usiku, shibiri moja.
Upepo wa kusini, lifti ya pili imefungwa.
Njia kumi na tisa; zilizo wazi, nne.

Namsikiliza nikiwa nimeshika ndoano ya chuma,
Kibirizi, mlangoni pa kiwanda cha barafu,
amonia ikinichoma pua,
wachuuzi wa migebuka wamekalia ndoo zao
wakibishana nani alitangulia.

Tulizaliwa siku moja, yeye kwanza,
ndiyo maana ni Bukuru na mimi ni Butoyi,
na ndiyo maana, nadhani, yeye akapewa barafu ya Mungu
mimi nikabaki na hii ya TANESCO.

Kiswahili kilimfungia neno moja safarini, theluji,
likamwishia asubuhi ya kwanza.
Basi akarudi kuazima jikoni kwa mama.
Ile kavu, laini, isiyoshikana, akaiita unga,
unga wa muhogo uliotwangwa jana.
Ile ya punje punje, chenga.
Ile iliyolainika mchana ikaganda usiku,
inayolia kwaru kwaru chini ya kiatu, ukoko.
Na ile ya saa nane, jua likishaiinamia:
uji.

"Leo unga mpaka saa nne, baada ya hapo uji.
Waambie wageni wateleze mapema."
Wageni gani, Bukuru?
Huku wanaoteleza ni wapakuaji, kwenye magamba.

Jioni, Buzebazeba, mama huisikiliza mara mbili,
simu ameibana sikioni kama anaizuia isianguke.
Akisikia ukoko huuliza nani kaunguza.
Halafu: "Maneno yote hayo,
na hajasema kama amekula."

Nami humjibu kwa mtindo uleule:

Kibirizi, nyuzi ishirini na tatu.
Umeme ulikatika saa nane usiku, ukarudi saa kumi.
Magogo thelathini na manne yameganda mpaka kiini,
sita yana moyo wa maji, nitayauza nusu bei.
Mbalamwezi imekwisha, leo usiku watavua.
Kesho barafu haitatosha.

Mwezi wa saba sauti yake ilikuja jioni,
si saa yake.
"Tunaufunika," alisema.
Wanakunjua vitambaa vyeupe, vipana kama kiwanja cha mpira,
wanaviunga kwa cherehani ya mkononi
juu ya mgongo wa mlima, jua lisiumalize.
"Mlima, Butoyi. Tunaufunika kama mgonjwa."
Kuna kigingi walichokipiga ukingoni mwa barafu
mwaka aliozaliwa binti wa bosi.
Binti huyo bado yuko shule.
Kutoka kigingini kuifikia barafu leo
ni mwendo wa sigara mbili.

Nikaitazama mikono yangu, imejaa maranda ya mbao.
Miaka kumi na moja nafanya kazi hiyohiyo:
maranda, gunia la katani, maranda tena,
ili gogo lifike Kasulu likiwa bado linaitwa gogo.
Sikujua kama milima nayo hufungwa hivyo.
Sikuwa na pole ya ukubwa ule.
Nikampa nilichokuwa nacho:

"Anzeni na pembe. Katikati hujitunza kwa muda.
Barafu huanza kufa pembeni,
pale upepo unapopata pa kuingiza kidole.
Na msiikanyage kanyage.
Maranda mnayo?"

Alikaa kimya siku mbili.
Ya tatu, saa kumi na moja, upepo kwanza,
kisha yeye, amepungukiwa pumzi:

Kileleni, nyuzi mbili juu ya sifuri.
Theluji mpya, hakuna.
Uji tangu asubuhi.
Njia iliyo wazi, moja.
Pembe tumeziba, kwa mawe, maranda hawana.
Nimekula, mwambie mama.

Nikaitumbukiza simu mfukoni, nikashika ndoano.
Foleni ilikuwa imefika barabarani,
na mwanamke wa mbele alikuwa akigonga ndoo yake,
akitaka kujua leo yana moyo
au hayana.