Mashamba Matatu, Bei Moja

Kiinua mgongo kimeingia Jumanne,
milioni ishirini na mbili na ushei,
ujira wa miaka thelathini na mitano ya vumbi la chaki.
Nimefunga mlango wa uani. Nimelifungua daftari la baba,
Shaame Faki wa Mtambwe,
karatasi zinanuka karafuu hadi leo.

Mali bila daftari, alikuwa akisema,
na iliyobaki akatuachia tumalizie.

Alikuwa na mashamba matatu:
la Mtambwe, la Kinyasini, la Limbani.
Mvua haina adabu, alisema,
huku hunyesha, kule ikapita kando;
na mchwa akila hapa, pale atachelewa.
Nimeikagua hesabu yake kwa kalamu nyekundu
na mwalimu aliye ndani yangu hakuona kosa.

Kisha bei ikateremka
kama ndoo iliyokatika kamba.
Ikaanguka Mtambwe, ikaanguka Kinyasini,
ikaanguka Limbani siku ileile,
maana mashamba yalikuwa matatu
na bei ilikuwa moja.
Magunia yakahamia chumbani kwetu
kama wageni wasiojua kuaga.

Asya, binti wa kaka, kanifungulia simu:
"Shangazi, kampuni ndizo hizi. Gusa, usome."
Nasoma kama ninayesahihisha insha.
Huyu faida imekua miaka minne, haikupiga kelele.
Huyu gawio lake nono, na deni limemfika shingoni.
Huyu maneno tele, tarakimu chache;
nimempa nne kwa kumi, kwa hati nzuri.
Ya bia, mstari. Ya sigara, mstari.
"Hizo ndizo zinazolipa!" Asya anacheka.
Na ziwalipe wengine.
Ya benki nimeikalia hadi adhana ya alfajiri:
riba ni riba, hata ikivaa kanzu.

Nikachagua tatu. Saruji. Mabati. Rangi za nyumba.
Nikagawa sawa kwa sawa, nikapiga mstari chini,
nikainuka kuteka maji ya kunywa
na kata ikanisimama mkononi.
Na watu wakiacha kujenga?
Saruji itagandia mifukoni,
mabati yatalala, rangi itakauka koponi.
Lo! Nimepanda mikarafuu.

Mshika mbili moja humponyoka:
nimeliandika ubaoni, darasa la tano, mwaka baada ya mwaka,
watoto wa Wete wakaliimba kwa sauti moja.
Hakuna aliyeninyooshea kidole kuuliza:
na mshika moja, mwalimu, ikimponyoka?

Mwaka ule tulikula nini?
Napekua kurasa. Daftari halijui.
Mimi najua.
Mama alishona kofia za viua, tundu kwa tundu,
taa imetiwa mafuta nusu.
Mama alikuwa na kuku. Mama alikusanya makonyo
ambayo baba hakuyaita mali,
akayauza kwa pishi, mlango wa nyuma.
Kofia haikujua bei ya karafuu.
Kuku hawakusikiliza redio.

Basi nagawa upya, bila haraka.
Saruji, moja tu. Kampuni ya simu,
kwani hata mwenye njaa hupiga kuomba.
Sukuk ya serikali, iliyopoa kama uji wa jana.
Kiwanda cha dawa, kidogo, nikitazame kwanza.
Na fungu lisiloguswa: paa, hospitali, sanda.

Hainipi usingizi mzito. Asya hakunificha,
kuna siku soko zima huporomoka pamoja,
na kuku nao hupatwa na kideri.
Sawa. Sitafuti kisichoanguka.
Natafuta visivyoanguka kwa kamba moja.

Kabla ya kulifunga daftari
nimerudi kwenye ukurasa wa mwaka ule,
chini ya mstari wa mwisho wa baba,
mahali alipoandika *hakuna*,
nikaongeza kwa wino mwekundu:
Bikombo binti Hamad.
Kofia kumi na nne.
Zimepokelewa.