Jumatatu Bila Vidonge

Fumie amewakata nywele wanawake wa Tsuruoka
tangu mwaka tuliooana. Kabla ya mkasi
huwapapasa shingo, kimya, kama mtu
anayesoma barua isiyo yake.

Kisha baridi yabisi ikamvaa vidole.
Ikawa kila asubuhi namfunga vifungo,
namfungulia chupa ya mchuzi wa soya,
na mkasi unaning'inia msumarini, mdomo wazi.

Dawa ilimrudisha. Vidonge vitatu vya manjano,
kila Jumatatu, baada ya chai.
Miaka saba mkasi ukasema tena, kacha, kacha,
nasi tukaisahau dawa, kama mtu anavyolisahau
daraja analovuka kila siku.

Ni vidole hivyohivyo, vilivyopona,
vilivyokuta punje chini ya taya lake.
Moja. Halafu ya pili, kwapani,
laini kama dengu iliyolowekwa usiku.
Hakuniambia siku tisa.

Daktari Kuramochi alichora nyuma ya bahasha:
walinzi wa mwili, tuliwalaza kwa dawa
wasiendelee kuvibomoa viungo vyake;
huenda wachache, humo usingizini, wakaanza kuzaana.
Mimi ni fundi wa mashine za kuvunia mpunga.
Habari za walinzi sizijui. Najua breki:
ukiikaza mno, inashika moto yenyewe.

"Tuache dawa kwanza," alisema. "Tungoje.
Mara nyingine huyeyuka. Mara nyingine hapana."
Ile hapana aliitamka polepole. Tukamshukuru.

Theluji ikaanguka wiki sita.
Jumatatu zikapita kwa chai tupu.
Punje zikanywea: dengu, mchele, ufuta,
na kadiri zilivyonywea
vidole vikafura, kifundo kwa kifundo,
kama deni linaloijua njia ya nyumbani.

Leo alfajiri amekaa kwenye kiti cha wateja,
mbele ya kioo, ameziinua nywele zake nyeupe.
"Vidole vyangu havisomi tena," amesema. "Nisomee."

Nimenawa grisi mara mbili.
Nimepita chini ya taya, nyuma ya sikio,
kwa mikono isiyojua ila nati na mnyororo.
Nimekuta mshipa unapiga.
Nimekuta kovu la kipimo, jembamba kama uzi.
Sikukuta kingine, au sikujua kukikuta.

"Vipi?"
"Shingo," nimesema. "Ni shingo tu."

Akacheka. Akaniambia nirudie upande wa kushoto.