Kitanda Namba Tisa

Tangazo lilikuwa kwenye dirisha la maktaba,
chini ya picha ya paka aliyepotea:
Tunatafuta watu wazima, wazima wa afya. Malipo yapo.
Nilisoma mara mbili, baiskeli mkononi,
upepo wa Groningen ukinipekua mifuko
kama mwenye nyumba.
Utu uzima ninao, miaka arobaini na sita.
Huo uzima mwingine sikuwahi kuupigia hesabu;
kiwandani walinunua mgongo tu,
mpaka siku walipoleta mashine isiyo na mgongo.

Kwenye simu sauti ya binti iliniuliza:
Unavuta? Sivuti. Unakunywa? Harusini.
Baba yako alikufa kwa nini?
Kwa ukaidi, nikasema.
Akacheka kidogo. Hiyo sina pa kuiandika.

Karatasi zilikuwa kurasa ishirini na tatu.
Fenna, mwanangu, alinisomea mezani,
sufuria ikipokea matone ya paa lililotoboka:
kichefuchefu, tone, kizunguzungu, tone,
na kwa nadra sana...
akanyamaza, akaruka mstari.
Mama, hapa wanasema unaweza kuondoka saa yoyote.
Na hela?
Hiyo iko ukurasa wa kumi na tisa.

Siku kumi na moja. Vitanda kumi na viwili.
Kitanda cha nane alilala Jurrit,
mkongwe wa kazi hii isiyo na jina,
anayezitaja kliniki kama wengine wanavyotaja hoteli:
Hii supu yao nzito. Ile sindano zao butu.
Alinionyesha kiwiko kwa ndani,
kimejaa nukta kama kitambaa cha mtoto anayejifunza kushona.
Kunywa maji usiku, akanifunza, mshipa uje wenyewe.
Wapo wasiongoja miezi mitatu ipite, alisema;
huvuka mpaka wa Ubelgiji na damu ileile.
Hakusema kama yeye ni mmoja wao.

Saa mbili na dakika nne asubuhi nilimeza.
Dawa au unga mtupu, hakuna aliyejua,
hata muuguzi aliyenimulika chini ya ulimi.
Kisha damu, kila robo saa damu,
chupa nyembamba zenye namba yangu, si jina.
Dawa yenyewe ni ya watoto
ambao misuli huwaaga kabla hawajaijua shule.
Mezani mmoja alisema, tunaokoa maisha.
Jurrit akapaka siagi mkate wake.
Mimi naokoa bafu langu, akasema.

Usiku wa tano nilimsikia Tjeerd wa kitanda cha nne
akitapika chooni, bomba kalifungua
ili maji yamfunike.
Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.
Ukurasa wa kumi na tisa, nilijua, alikuwa kaukariri.
Nami kichwa kilikuwa kikinigonga tangu magharibi,
upande wa kushoto, kama mtu anayetaka kutoka.
Nililala nacho. Nikahesabu vigae vya dari.
Nikamwaza mtoto fulani, sijui wa wapi,
ambaye siku moja atapewa kidonge hiki
kwa sababu kwenye jedwali
sote kumi na wawili tulikuwa wazima.

Nikabonyeza kengele.
Muuguzi akaandika: kichwa, saa tisa usiku, kushoto.
Ni hilo tu? akauliza.
Bomba lilikuwa bado linatiririka.
Nikasema, kwangu mimi ni hilo tu,
kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.
Bomba likafungwa.

Asubuhi kitanda cha nne kilikuwa kimetandikwa.
Sijui kama alisema au walimkuta.
Jurrit hakunisemesha mpaka chakula cha mchana.

Paa sasa halivuji. Sufuria imerudi kupika.
Barua ya kuniambia nilimeza nini haijaja.
Jana nilipita maktaba: picha ya paka imeondolewa,
tangazo bado lipo.
Nimehesabu kwenye vidole. Bado wiki saba.