Kipakatalishi

Wenye kamusi waliiita kipakatalishi,
na leo ndiyo mara ya kwanza nakubaliana nao:
nimeketi mkekani, ghorofani, Mkomani,
miguu nimekunja,
nimeipakata.
Kilo tatu na robo. Uzito wa mtoto wa jana.

Ilikuwa ya shangazi Somoe.
Kwayo aliwaandikia watu barua:
maombi ya kazi, rufaa za mashamba,
posa mbili (moja ilikubaliwa).
Herufi A imefutika kabisa kwenye kibodi.
Kiswahili ndicho kilichoila.

Fundi wa Langoni hata hakuifungua.
"Kipuri chake," alisema, "labda ukaote."

Skurubu kumi na saba. Kisanduku sina,
nina zidaka:
ukuta uliochongewa sahani za Kichina
zilizouzwa kabla sijazaliwa
leo unapokea skurubu, moja kila tundu,
fupi juu, ndefu chini,
na moja imeshapotea. Nadhani paka anajua.

Ndani, kibetri cha saa kimevuja.
Kimeacha ukungu wa kijani,
kama sinia la shaba lililosahauliwa uani,
na chumvi ya mji huu, isiyobisha hodi,
imemalizia.

Siki ya kachumbari. Mswaki laini. Pamba.
Nasugua, povu linachemka kidogo, nafuta, nasugua.
Njia mbili za shaba zimekatika,
nyembamba kuliko unywele wa kope.
Nazishona kwa waya niliouchuna kwenye spika ya redio:
tone la risasi, moshi, tone.
Mkono ukitetemeka naushusha, nanywa maji.
Stima ikakatika. Nikangoja gizani
nikisikia punda wa mchanga wakibanana kwenye kona.

Stima ikarudi. Nikafunga, nikabonyeza.
Kimya.

Utepe wa kibodi! Nimesahau utepe wa kibodi.
Skurubu kumi na sita, upya.

Safari hii ikalia mara moja, nyembamba,
diski ikakoroma kama mtu aliyeamshwa daku,
na maandishi ya kijivu yakaniuliza:
leo ni tarehe mosi Januari, elfu moja mia tisa na themanini,
sivyo?

Mwaka huo shangazi alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa.
Sikujibu. Nikairuka.

Barua ya mwisho iko kwa ofisi ya maji.
"Mheshimiwa, mimi nisiye mtoto wala bustani,
nimewezaje kunywa lita elfu arobaini?
Kwa hiyo naomba"

Hapo basi. Kijistari kinapepesa mbele ya "naomba",
kinapepesa, kinapepesa,
na nyuma yangu nasikia vile alivyokuwa akiniita
kila alipopata sentensi nzuri:
Ndoo, mwanangu, ndoo uone.

Miguu imekufa ganzi.
Sijainuka.